Pedali ya breki imekuwa laini kwenye gari la umeme, uanzie wapi

Kwanza kabisa kama pedali inazama mpaka chini usiliendeshe hilo gari, ita breakdown au fundi aje ulipo, maana motor ya umeme kusaidia kupunguza mwendo ukiachia pedali ya mwendo haiwezi kuchukua nafasi ya breki. Ila kumbuka betri ikiwa 100% gari linapunguza mwendo kidogo tu ukiachia pedali ya mwendo, hiyo ni kawaida, betri imejaa na nguvu ya motor haina pa kurudi, pedali ya breki yenyewe haijabadilika.

Sasa pima. Gari limesimama, liwashe, kanyaga mara kadhaa haraka haraka. Pedali ikipanda na kuwa ngumu, huenda kuna upepo (hewa) kwenye laini za fluidi ya breki. Ukishikilia mguu na ikashuka polepole, kagua kila tairi na kila mpira wa breki kama kuna unyevu, na kama pote pakavu basi huenda masta silinda (pampu kuu ya breki) inavujisha kwa ndani.

Kutoa upepo: weka vizuizi (chock) kwenye matairi, jeki na stendi, mwenzako akanyage, wewe fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye breki ya tairi), funga kabla hajaachia, na chupa ya juu ya fluidi isikauke hata mara moja, hapo ndo wengi wanaingiza upepo upya. Fuata mpangilio wa matairi wa gari lako. Tumia fluidi iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, ya kopo jipya kwa sababu inanyonya maji hewani. Upepo ukibaki ndani ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasifunge) au busta ya umeme (inayoongeza nguvu ya mguu), mara nyingi inatakiwa mashine ya diagnosis iendeshe pampu, kukanyaga tu hakutoshi.