Jinsi ya Kula katika Mgahawa Mdogo wa Mtaani Seoul, Hatua kwa Hatua

Wiki yangu ya kwanza ya masomo Seoul niliingia katika mgahawa mdogo wa jirani, nikaagiza chakula, kikaletwa kikifuka mvuke, nami nikabaki nikikitazama kwa sababu sikuona kijiko mezani. Mzee aliyekaa meza ya pili alinyoosha mkono, akavuta droo iliyofichwa ubavuni mwa meza yangu, na humo vilikuwamo vijiko, vijiti na karatasi za kufutia mikono. Utaratibu ufuatao ndio ninaowaeleza wageni wetu tangu wakati huo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua saa na mahali. Migahawa mingi hupumzika kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni. Ukiwa peke yako, usianzie kwenye nyama za kuchoma, kwa kuwa huko mara nyingi hawapokei oda ya mtu mmoja. Tafuta wanaouza jjigae, yaani mchuzi mzito unaoletwa ukiwa bado unatokota.

Hatua ya pili, keti, fungua droo, kisha ujichotee maji kwenye mtungi au mashine iliyo pembeni. Kama mezani kuna kengele, ibonyeze, kama haipo, ita “yeogiyo!” bila kuona haya. Utawasikia wenyeji wakimwita mama anayehudumu “imo”, neno ambalo maana yake ni dada wa mama, hivyo kwa Kiswahili wanamwita mama mdogo.

Hatua ya tatu ni kuagiza, na hapa Mwislamu awe makini zaidi. Kimchi-jjigae, mchuzi wa kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe; budae-jjigae hutiwa soseji na nyama ya kopo; na sundae, ambayo haina udugu wowote na aiskrimu yenye jina kama hilo, ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Neno la kukariri ni “dwaejigogi”, nyama ya nguruwe. Mimi humshauri mgeni aombe godeungeo-gui, samaki wa jamii ya vibua anayechomwa kwa chumvi, ambaye mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kumla. Anayetaka nyama ya halali aende mtaa wa Itaewon, kuzunguka msikiti uliofunguliwa mwaka 1976.

Hatua ya nne, pokea vibakuli vidogo vya banchan, yaani vitoweo vya pembeni: kimchi, mchicha uliokolezwa mafuta ya ufuta, figili, pengine dagaa wakavu waliokaangwa kwa sukari. Hukuviagiza, na wala hutavilipia. Kikiisha kimoja, sema “deo juseyo” nacho kitaongezwa, ingawa mimi naona ni utovu wa adabu kuomba usichoweza kumaliza.

Hatua ya tano ni kula kwenyewe. Msubiri mkubwa wenu aanze. Wali na supu huliwa kwa kijiko, bakuli likibaki mezani, kwa maana kuliinua mdomoni hakupendezi. Vijiti, ambavyo Korea ni vya chuma, vyembamba na vinavyoteleza, ni vya kuchukulia vitoweo. Ukiagiza dolsot-bibimbap, yaani wali wa mboga na yai unaoletwa katika bakuli la jiwe lenye moto, usiguse bakuli lake la jiwe kwa kidole. Tia gochujang, ule uji mzito wa pilipili, kidogo kidogo, changanya mboga, yai na wali kwa kijiko kuanzia juu, na usikwangue chini mapema: acha wali uendelee kulia dhidi ya jiwe kwa dakika chache, ufanye ukoko wa rangi ya dhahabu. Aliyekulia kwenye nyumba ambamo watoto waligombea ukoko wa sufuriani ataelewa kwa nini nasisitiza.

Mwisho, usikae ukingoja bili. Nenda kaunta karibu na mlango, lipa kwa kadi au taslimu bila kuacha bakshishi, na useme “jal meogeosseumnida”, nimekula vizuri. Mara nyingi kando ya kaunta kuna mashine ndogo ya kahawa yenye maziwa na sukari nyingi. Hiyo nayo kwa kawaida ni ya bure.