Kwa wenye kampuni ndogo Minnesota: fungueni hati ya mshahara kwanza

Ndugu zangu mnaoendesha huduma za kutunza wazee huku Minnesota, sheria mpya ya kazi ikija msianze na bango la ukutani. Anzeni na hati ya mshahara ya mfanyakazi mmoja, msome mstari kwa mstari.

Mfano ni likizo ya malipo ya jimbo, yaani ya mtu anayeugua sana au anayetunza familia, iliyoanza tarehe 1 Januari 2026. Mchango wa kuigharamia ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu. Kwa dola 1,000, jumla ni dola 8.80, hivyo usimkate mfanyakazi zaidi ya 4.40. Kama una wafanyakazi 30 au pungufu, uliza kuhusu kiwango nafuu cha waajiri wadogo.

Kisha angalia saa za likizo ya ugonjwa yenye malipo. Hiyo ni sheria nyingine, ya tangu 2024, na wengi huzichanganya. Kila saa 30 za kazi humpatia mtu saa 1 ya likizo, hadi 48 kwa mwaka. Mfanyakazi wa saa chache naye anahesabiwa, mradi atarajiwe kufanya kazi saa 80 kwa mwaka. Yule dada anayeshika zamu za Jumamosi tu ndiye husahaulika, na inaniuma, maana mara nyingi ndiye mwenye mtoto mchanga nyumbani.

Mpeni kila mtu taarifa ya likizo hizi kwa lugha anayoielewa, atie sahihi, nakala ibaki kwenye faili lake. Fanyeni hivyo kabla ya mshahara wa kwanza kukatwa.