Jinsi ninavyolima mbaazi Nachingwea

Wengi huku tunazitupa mbaazi katikati ya mahindi, halafu tunazirudia Julai na magunia mkononi. Zinaota, sikatai. Ila nimelima hivyo misimu mingi, na magunia yalikuwa yanarudi nyumbani nusu.

1. Mbegu. Usichukue za kwenye gunia la kula. Nyuki wanalipenda sana ua la mbaazi, lile la njano lenye michirizi myekundu, na wanaleta chavua kutoka kwa jirani. Mbegu ya kurudiarudia huchanganyika. Tafuta iliyothibitishwa, walio karibu na Mtwara waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo.

2. Kupanda. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kwa hiyo mvua zikishatulia Desemba usingoje. Mita 1.2 mstari hadi mstari, sentimita 50 shimo hadi shimo, punje 3, kina cha sentimita 4 au 5. Wiki ya tatu ng'olea, bakiza miche 2. Mahindi yakae katikati ya mistari. Urea ya mbaazi usinunue: vinundu vya mizizini vinajitengenezea naitrojeni.

3. Palizi. Hapa ndipo tunapoharibu. Mbaazi ni mvivu wa kuanza. Wiki sita za mwanzo unaiona imedumaa, kumbe inashusha mizizi, na ndiyo hiyo itakayoibeba mvua zikikata. Nyasi hazisubiri. Mwaka mmoja nilikaa msibani wiki tatu. Kurudi, mche nautafuta kwa kupapasa. Nilipalilia, lakini ilibaki myembamba kama njiti na maganda ya kuhesabu. Piga jembe wiki ya tatu, rudia ya sita. Ikishafunga kivuli, nyasi zinakwisha zenyewe.

4. Mnyauko. Mti umenyauka na udongo bado una unyevu? Pasua shina. Ukikuta mchirizi wa kahawia au zambarau chini ya gome, huo ni mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, na hakuna dawa ya kupulizia. Ng'oa, choma. Vimelea hubaki ardhini miaka, kwa hiyo hapo weka mtama kwanza, na ukirudisha mbaazi chagua mbegu inayouvumilia, kama aina iitwayo Mali.

5. Maua. Pita asubuhi, fungua maganda machanga kumi. Tundu la duara na kinyesi ndani ni kiwavi. Dawa ipigwe jioni, nyuki wakisharudi mzingani.

6. Kuvuna. Maganda yakigeuka kahawia na kulia ukiyatikisa, kata matawi, anika kwenye turubai, pura, pepeta. Usikawize, maana fukusi huanzia shambani. Ng'ata punje: ikipasuka ni kavu, ikibonyea rudisha juani. Mashina ni kuni.

Kuhusu bei, mimi siuzi zote. Mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuagiza, bei ilianguka, tukala mbaazi za nazi asubuhi na jioni. Tangu hapo gunia moja huwa la nyumbani, na mama watoto ndiye mwenye ufunguo wa stoo.