SOMO: Kusafiri na paka toka Tanga mpaka Unguja, gari na boti

Haya wadau, somo la leo ni la wenye paka, wale mnaohama au mnaenda kukaa muda mrefu na hamtaki kumuachia jirani ambae mnajua kabisa hatompa hata kichwa cha dagaa. Natumia njia ya Tanga, Segera, Bagamoyo, Dar af boti ya Unguja mana ndo ninayoijua, ila hata kama unavuka tu pantoni ya Pangani kwenda Bweni mambo ni yaleyale. Na kubwa ni moja tu: paka hatoki kwenye keji mpaka mfike chumbani. Mengine yote ni kumuandaa aweze kulivumilia hilo.

HATUA YA 1: KEJI, ANZA WIKI MBILI KABLA

Kiroba hapana. Najua wazee wetu walikuwa wanamtia kwenye gunia wanafunga kamba lakini hiyo ilikuwa ya kwenda kumtupa, sio kusafiri nae.

Keji ya plastiki yenye mlango wa waya ndo nzuri. Kama hela hamna chukua tenga la kuku, lile la fito, hewa inapita pande zote, mfuniko funga kwa waya mana kamba anaitafuna. Boksi la karatasi sikushauri, akilikojolea linalainika, mnafika Hale paka yuko chini ya pedeli ya breki. Ukubwa awe anaweza kusimama na kujigeuza, basi, ikiwa kubwa mno gari ikikata kona anarushwa huku na kule.

Sasa kosa la wengi ni keji inatolewa stoo asubuhi ya safari, paka akiiona tu kesha ingia uvunguni na hapo utachanwa mikono mpaka ujute. Iweke sebuleni mlango wazi, tandika khanga uliyoivaa na usiifue, harufu yako ndo inamtuliza, na chakula mpe humohumo. Siku ukimkuta kalala ndani mwenyewe mchana, anza kufunga mlango kidogo kidogo, af mpakie garini mwende mpaka Pongwe mrudi. Ukiruka hatua hii hizo zingine zote zitakuwa ngumu, nakwambia kabisa.

HATUA YA 2: KARATASI

Chanjo ya kichaa cha mbwa, na paka nae anachomwa, kuanzia miezi mitatu. Ile ya kwanza kabisa inataka kama siku 21 mpaka kinga ikae sawa kwaiyo usiende kuchoma leo kesho unasafiri. Beba kadi ya chanjo, cheti cha afya na kibali cha kusafirisha mnyama, hivyo anza kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako. Zanzibar wana idara yao ya mifugo, ulizia masharti yao mapema usije ukakwama bandarini Malindi na paka analia. Na boti pia, piga simu ofisini kwao kabla hujakata tiketi, kila kampuni na utaratibu wake, wengine wanataka mnyama akae nje sio ndani na abiria.

HATUA YA 3: BARABARANI

Chakula cha mwisho masaa manne mpaka sita kabla ya kuondoka, maji usimnyime. Maziwa usimpe kabisa, paka wengi wakubwa maziwa yanawaharisha, na kuharisha ndani ya keji kutoka Kabuku mpaka Msata, mh, vioo vyote mtafungua. Chini laza pempasi uliyoikata katikati, juu yake khanga, na beba zingine za kubadilisha.

Ondokeni mkishaswali alfajiri. Keji ikae sakafuni nyuma ya siti ya mbele, au kwenye siti ya nyuma ifungwe mkanda. Buti hapana, kule joto na moshi. Ifunike pande tatu na khanga, asipoona miti inakimbia anatulia haraka. Atalia, wengine wanatoa udenda na kutapika, usipige kelele na usimtoe kumbembeleza, wengi kufika Muheza wameshanyamaza. Na hapo Muheza mkinunua machungwa wekeni kwenye buti, paka wengi hawaipendi kabisa harufu ya chungwa na nyie mnataka kumuwekea kifurushi kizima puani.

Segera mtasimama tu, kila mtu anasimama Segera. Hapa ndo paka wa watu wanapopotea, mtu anafungua keji ampe maji, mwingine anafungua mlango aende chooni, basi imekwisha, kesha ingia chini ya malori. Vioo juu, milango imefungwa, ndo unampenyezea maji kidogo. Choo usihangaike nacho, paka mzima anaweza kujibana masaa mengi tu.

Kitu cha kuogopa ni joto. Gari ikisimama juani dakika 10 tu ndani linaweza kupanda digrii 10 zaidi ya nje, kwaiyo hamuendi kula chipsi wote, mmoja anabaki na AC inawaka. Paka akianza kuhema mdomo wazi kama mbwa hiyo sio kawaida yake, mpeleke kivulini, lowanisha miguu na masikio kwa maji ya kawaida, sio ya barafu, mpepee, na asipotulia tafuta daktari.

Msata kata kushoto mje Bagamoyo, lami tupu km 64. Mimi napenda kulala hapo, asubuhi Dar ni karibu. Ile njia fupi ya Pangani, Mkwaja inakatiza hifadhi ya Saadani, na hifadhi za taifa haziruhusu mnyama wa kufugwa, ndo mana naizunguka.

HATUA YA 4: MAJINI

Kwenye pantoni abiria wanashuka garini, we shuka na keji yako mkononi, usimuache kwenye gari iliyozimwa katikati ya vyuma vya moto. Simama mbali na injini na mbali na ule mlango ukishushwa, ule mlio hata mimi unanishtua.

Boti ya Unguja angalia msimu. Kipindi cha kusi, hasa mwezi wa 6 na wa 7, bahari inachafuka na atatapika, kaskazi maji yametulia zaidi ila jua kali. Kaa katikati chini, keji miguuni, ifunike.

HATUA YA 5: MKIFIKA

Chumba kimoja, mlango umefungwa, mchanga, maji, khanga ileile. Fungua keji atoke mwenyewe. Nje asitoke wiki mbili tatu, akitoka mapema ataanza kuitafuta nyumba ya zamani.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Makorora: Dada, nimeambiwa nimpe Piriton au nusu Panadol alale njia nzima, kweli?
Jibu: Panadol usithubutu mama yangu! Ini la paka haliwezi kuitoa, hata kidonge kimoja kinaua. Hiyo Piriton nayo usijipimie. Daktari wa mifugo anazo dawa za kutuliza, na mjaribishe nyumbani kabla.

Kaka wa Bweni: Nina wawili wanapendana, keji moja si inatosha?
Jibu: Kila mmoja yake kaka. Wakiogopa hata ndugu wanararuana. Zipange zitazamane.

Bi dada wa Chumbageni: Wangu ana mimba kubwa, tunahama mwisho wa mwezi.
Jibu: Ukiweza subiri azae na watoto wafike wiki nane. Ukishindwa muone daktari kwanza, na mpe keji kubwa kidogo.

Mdau wa Mabokweni: Na Mombasa kupitia Horohoro?
Jibu: Hiyo ni nchi nyingine shekhe, Kenya wanataka kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara yao ya mifugo, pamoja na chanjo na cheti cha afya. Anza mapema. Feri ya Likoni yenyewe ni fupi, ila foleni ndo ndefu, beba maji.

Mama wa Makorora: Nimefika Unguja salama ila shume wangu hali tangu jana.
Jibu: Siku moja ni uoga, mchemshie samaki anukie umuache peke yake. Zikifika siku mbili hajala daktari, usingoje. Na angalia mchanga, dume akiwa anajikamua mkojo hautoki hiyo ni dharura, mpeleke leoleo.