Skrini ya mtumba na Xorg: iache ijipange, andika kinachokosekana tu

Umenunua skrini ya mtumba Mwanza mjini, umeifunga kwenye kompyuta ya stesheneri, na picha inakuja 1024x768, imevutwa kwa mapana, herufi zina ukungu. Usikimbilie kuandika xorg.conf nzima, yaani faili la mipangilio ya Xorg (programu inayoonyesha picha kwenye skrini katika Linux na FreeBSD). Anza na waya.

Xorg ya leo haihitaji faili hilo. Ikiwaka hutazama kadi iliyopo, huchagua draiva, kisha huiuliza skrini vipimo vyake. Majibu hayo ndiyo EDID, na kwenye waya wa VGA hupitia pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei poa huweza kukosa pini hizo, na kigawanyaji cha kupeleka picha kwenye projekta ya ukumbini huweza kuyakata majibu njiani. Skrini ikinyamaza, Xorg hukisia, na hukisia chini. Basi chomoa waya uhesabu pini. (Ya 9 kukosekana ni kawaida, haina neno.)

Soma kumbukumbu (log) za Xorg uone kama EDID imefika:

grep -i edid ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log

Kwenye mifumo mingine faili liko /var/log/Xorg.0.log. Mistari yenye (EE) ni makosa, (WW) ni maonyo.

Umebadilisha waya na hali ni ileile? Hapo ndipo mkono unaingia. Andika xrandr uone jina la tundu, tuseme VGA-1, kisha upige hesabu ya skrini ya 1440x900:

cvt 1440 900

Jaribu jibu lake kabla ya kulihifadhi:

xrandr --newmode "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1440x900_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1440x900_60.00

Haya ni ya Xorg. Ikiwa echo $XDG_SESSION_TYPE inajibu wayland (mfumo mwingine wa kuonyesha picha), toka, uchague Xorg unapoingia tena, kama bado ipo kwenye orodha.

Picha ikikaa sawa, liandike kwenye /etc/X11/xorg.conf.d/10-monitor.conf; kwa FreeBSD ni /usr/local/etc/X11/xorg.conf.d/.

Section "Monitor"
Identifier "VGA-1"
Modeline "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
Option "PreferredMode" "1440x900_60.00"
EndSection

Basi, hayo tu. Kadi na draiva usiviguse. Amri ya Xorg -configure hukuandikia faili refu lenye draiva na namba ya tundu la kadi. Ukilitumia, siku fundi akibadilisha kadi, Xorg italing'ang'ania lile faili na skrini itabaki nyeusi. Ikikukuta, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, ulibadilishe jina faili ulilotengeneza ili lisiishie na .conf, kisha uwashe upya.