Kuwapeleka watoto kuona vipepeo wa monaki, Pacific Grove, California

Nendeni kati ya Novemba na Januari, na wala msidamke. Kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, monaki hawezi kuruka. Hujikunja mbawa na kuning'inia kwa vishada kwenye mikaratusi, kama majani makavu, na mtoto atakwambia hakuna kitu hapa. Subirini jua liwapate vipepeo. Mbawa zikifunguka, rangi ya chungwa inatapakaa mti mzima! Bebeni darubini, maana vishada viko juu. La muhimu kuliko yote: watoto watazame wanapokanyaga. Kipepeo aliyelala njiani mara nyingi yu hai, amepigwa baridi tu. Msimguse, mzungukeni. Kiingilio ni bure.