Somo: Kuunganisha fito za mtumbwi kwa gundi bila kiungo kuachia

Anayejenga mtumbwi wa fito (vipande virefu vyembamba vya mbao vinavyogundishwa kingo kwa kingo) kwa mara ya kwanza huuliza kwanza gundi ipi ni kali. Tutafika huko. Kwanza chukua kiungo kilichoachia ukitazame kwa karibu. Mara nyingi utakuta gundi yote imeng'ang'ania upande mmoja, na upande wa pili ubao ni mweupe, hauna hata chembe. Gundi haikukatika hapo. Haikuwahi kuushika ule ubao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni kuhusu mbao.

Fito ninazozungumzia zina unene wa milimita 6 na upana wa kama milimita 20. Viungo vyake ni vya aina mbili. Ukingo kwa ukingo ni rahisi: nyuzi za mbao zinakwenda sambamba, eneo la kugusana ni refu, na baadaye faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na epoksi (gundi ya kuchanganya resini na hadena, yaani kigumishi chake) zitafunika ndani na nje. Ncha kwa ncha ndiyo yenye kesi. Nyuzi zimekatwa, vitundu vyake vinanyonya gundi, na kiungo kinabaki kikavu.

Hatua ya 1: Mbao zikauke. Unyevu wa asilimia 8 hadi 12 unafaa. Kama huna kipimo, zipange karakanani na vijiti katikati ili hewa ipite, uzipe wiki kadhaa.

Hatua ya 2: Andaa uso. Usiruke hatua hii. Kisu butu cha mashine ya randa hakikati nyuzi, kinazilaza na kuzisugua mpaka zing'ae. Kwa macho unaona ubao mzuri, lakini gundi haina pa kuingia. Dondosha tone la maji ukingoni. Likisambaa na kunywewa, uso uko tayari. Likikaa limejikunja juu, pitisha msasa namba 80 mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, pangusa vumbi, jaribu tena. Piga randa siku ileile ya kugundisha, na ukishapiga usishikeshike kingo kwa mikono yenye jasho. Mbao zenye mafuta kama msaji zifute kwa kitambaa safi chenye asetoni; asetoni ikikauka tu, paka gundi, kwa sababu mafuta hupanda tena juu.

Hatua ya 3: Jaribu bila gundi. Weka ufito mahali pake, washa taa upande wa pili, angalia mwanga unapopenya. Mtumbwi unapopinda sana ubavuni, kingo za mraba hugusana ndani na kuachana nje. Dawa yake ni kuilaza kingo ya ufito wa chini kwa randa ndogo, kidogo kidogo, huku pembe ikibadilika kadiri unavyosogea kutoka kiolezo hadi kiolezo (zile fremu za umbo ambazo fito hupangwa juu yake). Wenye fito zilizochongwa mviringo ukingo mmoja na mfereji ukingo wa pili wamepunguziwa kazi hii. Waelekeze mfereji juu ili ubebe gundi.

Hatua ya 4: Paka. Kingo kwa kingo natumia gundi ya mbao ya maji, ile inayostahimili unyevu. Bomba la sindano lililotolewa sindano linaacha mstari mwembamba na sawa. Ukibana, vitone vidogo vitoke mfululizo kwenye mshono wote. Pasipotoka kitu, gundi haikutosha. Vifute vikiwa bado vibichi, na ndani pia. Gundi iliyokauka juu ya ubao huzuia epoksi kuzama, na madoa yake utayaona chini ya faiba. Kingo za violezo zivalishe selotepu ya plastiki mapema, la sivyo utagundisha mtumbwi na violezo vyake.

Hatua ya 5: Bana. Gundi ya maji inataka mbao zigusane kabisa, haijazi nafasi. Kata mipira ya tyubu, zungusha, kaza. Nusu saa hadi saa moja inatosha kuendelea na ufito unaofuata, ila usiupe mzigo kabla ya saa 24. Epoksi ni kinyume: bana mpaka pande zikutane tu, uishie hapo. Ukikaza kwa nguvu zote unaikamua yote nje.

Hatua ya 6: Ncha. Kata mshazari wenye urefu mara nane ya unene. Kwa milimita 6 ni kama 48. Hapo nyuzi zilizokatwa zinalala karibu sambamba na gundi. Tumia epoksi. Kwanza paka epoksi nyepesi pande zote mbili, subiri dakika chache, ongeza palipokunywa. Kisha changanya iliyobaki na unga laini wa mbao mpaka ukiinua kijiti ncha isimame isilale, paka upande mmoja, kutanisha. Pigilia pini ndogo moja, kwa sababu mshazari huteleza ukibanwa. Funika kwa nailoni, epoksi haiishiki.

Kabla ya kugusa mtumbwi, tengeneza viungo vya majaribio kwa mabaki ya mbao zilezile, viache vikomae, uvivunje. Ubao ukichanika pembeni mwa mshono, endelea. Mshono ukifunguka, rudi hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, gundi ya maji haitayeyuka mtumbwi ukikaa majini?*
Faiba na epoksi zikifunika ndani na nje, maji hayaifikii. Kama hutaki kuweka faiba, tumia epoksi kwenye mishono yote. Na miti ya omo (mbele) na tezi (nyuma) inayopindwa kwa tabaka usiigundishe kwa gundi ya maji hata kidogo: chini ya mvuto wa kudumu hunyumbuka taratibu na umbo linalegea.

*Fundi, epoksi yangu ina siku tatu bado inanata. Niongeze hadena zaidi safari ijayo?*
Hapana. Hadena si kichocheo unachozidisha ili kikauke haraka; inaungana na resini kwa kipimo, ikizidi inabaki laini. Soma kama kipimo cha mtengenezaji ni cha ujazo au cha uzito, havilingani. Koroga ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Kama tatizo ni baridi tu, pasha joto chumba, itakomaa. Ikigoma, ikwangue yote. Kuipaka nyingine juu ni kuficha.

*Epoksi ikikauka inaacha utando wa kuteleza juu. Nipige msasa?*
Osha kwanza kwa maji na sponji ngumu, ukaushe, ndipo msasa. Ukianza na msasa unausugua utando ndani ya mikwaruzo.

*Nimemaliza, lakini kuna nyufa tano zinazopitisha mwanga. Nifumue?*
Zikiwa chini ya milimita moja, acha. Jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao hiyohiyo kutoka nje, ukiweka selotepu kwa ndani isidondoke, kabla ya msasa wa mwisho. Vaa glavu. Epoksi mbichi ikizoea ngozi yako inaweza kukuletea mzio usiokuacha tena.